Ununuzi wa gari dogo lililotumika Afrika Mashariki

Ununuzi wa gari dogo lililotumika ni njia ambayo watu wengi wa Tanzania, Kenya na Uganda hupata gari lao la kwanza. Kwa kawaida gari hilo ni hachibaki, yaani gari fupi ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu pamoja na kioo chake. Mengi ya magari hayo hutoka Japani yakiwa yameshatumika huko kwa miaka kadhaa.

Kwa familia yenye kipato kidogo, gari mara nyingi ndiyo matumizi makubwa kuliko yote baada ya kiwanja na nyumba. Kosa katika uchaguzi linaweza kula akiba ya miaka mingi. Gari likikaa gereji wiki baada ya wiki, mwenye nalo hulipa fundi huku akiendelea kulipa nauli ya daladala au matatu. Kwa sababu hiyo, mwenye bajeti ndogo hulazimika kuangalia mambo matatu kabla ya jina na rangi ya gari: hali ya gari lenyewe, urahisi wa kupata vipuri vyake, na fedha zitakazobaki mkononi baada ya kulinunua.

Asili ya hachibaki

Umbo la hachibaki ndogo ya leo lilitokana na hatua kadhaa za wahandisi wa Ulaya. Mwaka 1959 gari la Mini, lililobuniwa na Alec Issigonis nchini Uingereza, lilionyesha kwamba injini ikilazwa kwa upana na kuzungusha magurudumu ya mbele, gari fupi linaweza kubeba watu wanne. Renault 4 ya mwaka 1961 ilikuwa na mlango mkubwa wa nyuma, na viti vyake vya nyuma viliweza kuondolewa ili kubeba mizigo. Volkswagen Golf ya mwaka 1974, iliyochorwa na Giorgetto Giugiaro, iliunganisha mambo hayo yote na kuuzwa kwa wingi duniani.

Japani ilifuata mkondo huohuo kwa magari kama Toyota Starlet, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1973 hadi 1999, na Nissan March, iliyoanza mwaka 1982. Faida yake kwa mtumiaji ni ileile hadi leo. Viti vya nyuma vikilazwa, gari dogo hubeba gunia, friji ndogo au bidhaa za dukani ambazo haziwezi kuingia kwenye buti la gari la saluni.

Sababu za magari ya Japani kuwa mengi

Tanzania, Kenya na Uganda huendesha upande wa kushoto wa barabara, kama ilivyo Japani, kwa hiyo usukani ulio upande wa kulia hauhitaji kubadilishwa. Hali ni tofauti Rwanda, Burundi na Kongo, ambako magari hupita upande wa kulia.

Sababu nyingine ni sheria za Japani. Gari jipya huko hufanyiwa ukaguzi wa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo, pamoja na kodi na bima zinazolipwa wakati huohuo, ni ghali. Wenye magari wengi huona afadhali kuuza kabla ya ukaguzi unaofuata. Magari hayo hupelekwa kwenye minada, na wasafirishaji huyanunua huko na kuyapakia kwenye meli kwenda bandari za Dar es Salaam na Mombasa.

Magari haya yalitengenezwa kwa soko la Japani, na dalili zake huonekana. Maandishi ya redio na ramani huwa ya Kijapani. Redio nyingi hushika masafa ya FM ya Japani, yanayoanzia megahezi 76 na kuishia 90 au 95, hivyo stesheni nyingi za Afrika Mashariki hazisikiki mpaka kifungwe kifaa cha kubadilisha masafa au redio nyingine.

Aina zinazojulikana

Toyota Vitz ilianza kuuzwa Januari 1999 ikichukua nafasi ya Starlet. Ulaya iliitwa Yaris, na ilichaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya la 2000. Kizazi cha pili kilitoka mwaka 2005 na cha tatu mwishoni mwa 2010. Mwaka 2020 jina la Vitz liliachwa hata Japani na gari likaitwa Yaris. Vitz zenye injini ya lita 1.0 za kizazi cha pili na cha tatu hutumia injini ya silinda tatu. Injini hiyo hutumia mafuta kidogo, lakini hutetema kidogo gari linaposimama na huchoka likipanda mlima likiwa limejaa watu.

Toyota IST ilitoka mwaka 2002. Imejengwa kwa misingi ya Vitz lakini imeinuka zaidi, na injini za kizazi chake cha kwanza ni za lita 1.3 au 1.5. Kizazi cha kwanza kina giaboksi ya otomatiki ya kawaida yenye gia nne. Ni moja ya magari yanayoonekana sana Dar es Salaam, jambo linalofanya vipuri na mafundi wake wapatikane karibu kila mtaa.

Toyota Passo ilitengenezwa kuanzia 2004 hadi 2023 pamoja na ndugu yake Daihatsu Boon. Ni fupi kuliko Vitz na hufaa mjini.

Honda Fit ilianza mwaka 2001, na mwaka 2002 iliuzwa Japani kuliko gari lolote, ikivunja uongozi wa Toyota Corolla wa miaka 33. Tangi lake la mafuta liko chini ya viti vya mbele, hivyo sakafu ya nyuma iko chini na nafasi ya mizigo ni kubwa kuliko ya wenzake wengi.

Mazda Demio ilianza mwaka 1996. Kizazi chake cha mwaka 2007, kinachoitwa Mazda2 kwingineko, kilipata tuzo ya Gari la Mwaka la Dunia la 2008. Nissan March na Nissan Note pia huuzwa sana, mara nyingi kwa bei ya chini kuliko Toyota zenye umri uleule.

Tofauti hiyo ya bei haimaanishi kwamba magari hayo ni mabaya. Toyota hushikilia bei kwa sababu vipuri vyake ni vingi na wanunuzi wake ni wengi. Anayenunua aina isiyojulikana sana hulipa kidogo mwanzoni, lakini huenda akasubiri kipuri kwa siku nyingi, na siku ya kuliuza hupata wateja wachache.

Bei ya kununua na gharama ya kumiliki

Bei iliyoandikwa kwenye kioo cha gari ni mwanzo wa gharama. Mwezi wa kwanza huja na bima, ada ya kuhamisha umiliki, oili na filta mpya, na mara nyingi betri, breki au tairi. Baada ya hapo kuna mafuta, matengenezo na maegesho.

Kwa mfano, mnunuzi mwenye shilingi milioni 10 za Tanzania anaweza kuwa na magari mawili ya kuchagua. La kwanza linauzwa milioni 9.8, ni jipya kidogo na lina rimu za kupendeza. La pili linauzwa milioni 8.2, ni la miaka miwili nyuma lakini lina kumbukumbu za matengenezo. Akinunua la kwanza hubaki na laki 2, ambazo hazitoshi hata seti ya tairi nne mpya. Akinunua la pili hubaki na milioni 1.8, na kwa fedha hizo anaweza kulipa bima, kubadilisha oili zote, kununua tairi na bado akaweka akiba ya tatizo la kwanza litakalojitokeza. Magari mengi madogo huharibika mapema kwa sababu mwenye gari alimaliza fedha zote siku ya kununua na akaahirisha matengenezo ya lazima.

Mafuta nayo huhesabika. Mtu anayeendesha kilomita 40 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, husafiri kilomita 1,000. Gari linalokwenda kilomita 16 kwa lita litatumia lita 62.5, na linalokwenda kilomita 12 kwa lita litatumia takriban lita 83. Tofauti ni karibu lita 21 kwa mwezi, au lita 250 kwa mwaka. Hata hivyo injini ndogo kupita kiasi haiokoi mafuta kila mahali. Katika miji yenye milima, au kwa mtu anayebeba abiria wanne kila siku, injini ya lita 1.0 hulazimishwa kufanya kazi kwa nguvu muda wote, na faida yake hupungua.

Magari ya haibridi kama Toyota Aqua, iliyotoka mwishoni mwa 2011, hutumia mafuta kidogo sana kwenye foleni. Lakini betri yake kubwa huchoka kwa umri, na kuibadilisha ni gharama inayoweza kumaliza akiba ya mafuta ya miaka kadhaa. Mwenye bajeti ndogo anayeichagua anahitaji betri hiyo ipimwe kwanza na fundi mwenye kifaa.

Ushuru na umri wa gari

Gari linaloingizwa hutozwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, kodi ya ongezeko la thamani (VAT) na tozo nyingine ndogondogo. Kodi hizi hupandana: ushuru wa bidhaa hukokotolewa juu ya thamani ya gari pamoja na ushuru wa forodha, kisha VAT hukokotolewa juu ya jumla yote. Viwango hubadilishwa mara kwa mara katika bajeti za serikali zinazosomwa kila Juni.

Kila nchi ina sheria yake kuhusu umri:

Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Mwaka 2024, kwa mfano, gari lilipaswa kuwa limesajiliwa mwaka 2017 au baadaye.

Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi.

Tanzania huruhusu magari ya zamani lakini huyatoza zaidi. Katika majedwali ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ya miaka mingi, gari la abiria lenye umri wa zaidi ya miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, na linalozidi miaka 10 asilimia 30.

Ongezeko hilo la Tanzania ni kubwa kuliko linavyoonekana. Thamani ya gari pamoja na usafiri na bima ya meli ikiwa 100, ushuru wa forodha wa asilimia 25 huifikisha 125. Asilimia 30 ya 125 ni 37.5. VAT ya asilimia 18 juu ya hiyo 37.5 ni 6.75. Kwa hiyo uzee peke yake huongeza zaidi ya 44 kwa kila 100, kabla ya kodi nyingine kuhesabiwa. Gari linaloonekana rahisi kwenye picha za Japani linaweza kufika Dar es Salaam likiwa na gharama karibu mara mbili.

Ukubwa wa injini pia huingia kwenye hesabu. Kenya imetumia mpaka wa cc 1500 kutenganisha viwango vya ushuru wa bidhaa, na Tanzania mipaka ya cc 1000 na 2000. Hii ni sababu moja ya injini za lita 1.3 na 1.5 kupendwa Kenya. Tena thamani inayotozwa si lazima iwe bei ambayo mnunuzi amelipa, kwani mamlaka za mapato hutumia orodha zao za thamani. TRA ina kikokotoo cha magari yaliyotumika mtandaoni ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia kabla ya kutuma fedha.

Kuagiza au kununua nchini

Anayeagiza gari Japani hupata karatasi ya mnada, ambayo ni hati yenye alama za mkaguzi. Alama za 4 na 4.5 huonyesha gari zuri, 3.5 huonyesha gari la kawaida lenye mikwaruzo, na herufi R au RA huonyesha gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Karatasi hiyo huandika pia kilomita na sehemu zenye kutu. Kutu huhitaji kuangaliwa zaidi kwa magari yaliyotumika maeneo ya theluji kama Hokkaido, ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi na kula bodi kutoka chini. Hasara ya kuagiza ni kwamba mnunuzi hulipa bila kuliona gari, na husubiri meli kwa wiki kadhaa.

Anayenunua nchini, kwenye yadi, kwa dalali au kwa mwenye gari, huliona, huliendesha na kulijadili bei. Huko hukutana na magari yaliyotumika tayari kwenye barabara za hapa. Tanzania, bei ya gari hutajwa mara nyingi pamoja na herufi ya usajili wake. Muuzaji husema gari ni "namba D" au "namba E". Herufi hiyo huonyesha wakati gari liliposajiliwa Tanzania, wala haisemi lilitengenezwa lini. IST ya mwaka 2004 inaweza kuwa na namba mpya kwa sababu iliingia nchini ikiwa na umri mkubwa. Kenya nako mfuatano wa herufi za namba huonyesha wakati wa usajili wa nchini, ingawa sheria ya miaka 8 hupunguza tofauti hiyo.

Ukaguzi wa gari

Fundi asiye na uhusiano na muuzaji wala dalali ndiye anayefaa kukagua, na malipo yake ni madogo ukilinganisha na hasara ya kununua gari bovu. Mambo yanayoangaliwa ni pamoja na haya:

Injini huwashwa ikiwa baridi. Muuzaji akiwa ameipasha moto kabla, ugumu wa kuwaka hauonekani. Moshi wa bluu unaoendelea ni dalili ya kuunguza oili. Moshi mweupe usiokoma huweza kuwa maji yanayoingia kwenye silinda. Moshi mweusi ni mafuta yanayozidi. Oili yenye rangi ya maziwa huonyesha kwamba imechanganyika na maji.

Giaboksi huhitaji kujulikana aina yake. Hachibaki nyingi za Japani, zikiwemo Honda Fit za kwanza na IST za kizazi cha pili, hutumia giaboksi ya CVT, ambayo haina gia za kawaida na huhitaji oili yake maalumu. Ikiwekwa oili isiyo yake huharibika, na kuitengeneza ni ghali. Kutetema wakati wa kuondoka, au injini kunguruma bila gari kuongeza mwendo, ni dalili mbaya.

Mwendo wa chini hupimwa kwenye barabara yenye mashimo. Milio ya kugonga hutoka kwenye bushi, shokapu na viungo vya usukani. Mlio wa kakakaka usukani ukikatwa mpaka mwisho huonyesha viungo vya ekseli vimekwisha. Hachibaki ziko chini, kwa hiyo chini ya injini hukaguliwa kama pamegongwa.

Kilomita huweza kurudishwa nyuma. Gari la miaka 15 linalosoma kilomita 60,000 huhitaji ushahidi, kama karatasi ya mnada au stika za kubadilisha oili. Pedali zilizolika na usukani uliong'aa huonyesha kazi kubwa zaidi.

Tairi zina tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi yenye 2318 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018, hata kama kashata zake bado ni nzima.

Vipuri huulizwa bei kabla ya kununua gari. Wauzaji wa Gerezani na Kariakoo mjini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi au soko la Kisekka mjini Kampala huuliza kwanza alama ya modeli au ya injini, kama SCP10 ya Vitz ya kwanza ya lita 1.0 au 1NZ ya injini ya lita 1.5. Injini ya 1NZ hutumika pia kwenye Corolla na Probox, ndiyo maana vipuri vyake ni vingi.

Mifuko ya hewa

Hatari moja haionekani kwa macho. Magari mengi ya Japani ya miaka ya 2000 na mwanzoni mwa 2010, zikiwemo baadhi ya Vitz na Honda Fit, yalifungwa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata. Kemikali ya kuijaza hewa iliharibika kadiri miaka ilivyopita, hasa katika joto na unyevu. Wakati wa ajali kasha lake liliweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva na abiria. Watu waliuawa katika nchi mbalimbali, mamilioni ya magari yaliitwa kurekebishwa, na Takata ilifilisika mwaka 2017.

Mwito wa kurekebisha ulitumwa kwa wamiliki waliojulikana. Gari lililouzwa nje kabla ya kurekebishwa linaweza kuwa bado na mfuko wa zamani, na hali ya hewa ya pwani, yenye joto na unyevu, ndiyo inayozidisha tatizo. Namba ya chasisi huweza kuchunguzwa kwenye tovuti za watengenezaji wa Japani au kwa wakala wao. Kuchomoa mfuko bila kuweka mwingine huondoa hatari hiyo lakini humwacha dereva bila kinga.

Nyaraka

Namba ya chasisi na ya injini kwenye gari hulinganishwa na zile za kadi ya gari Tanzania au logbuku Kenya. Jina la muuzaji nalo hulinganishwa na la kwenye hati. Anayeuza kwa niaba ya mtu mwingine huhitajika kuwa na idhini ya maandishi. Gari linaweza kuwa dhamana ya mkopo, na kwa Kenya utafutaji wa kumbukumbu za gari kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) huonyesha mmiliki aliyeandikwa. Faini za barabarani zisizolipwa hufuata gari, kwa hiyo huulizwa kabla ya malipo.

Bima ya watu wengine, inayoitwa pia bima ndogo, ni ya lazima kisheria. Hulipia madhara wanayopata wengine, wala hailipii gari la mwenye bima likiibwa au kuungua. Bima kubwa hulipia pia gari lenyewe, na gharama yake huhesabiwa kwa thamani ya gari. Kwa mtu aliyeweka akiba yake yote kwenye gari moja, bei ya bima hiyo ni sehemu ya bei ya gari na huingia kwenye hesabu tangu mwanzo.